Nilivyompeleka Nasri kwa Mkata Vimeo

Kama unasoma haya huku chuchu zimepasuka, mtoto analia mapajani, na kila anayeingia mlangoni anakupa dawa yake, basi ni wewe ninayekuandikia. Wengine mkipita mkasoma, karibuni, lakini sikuwaandikia nyinyi. Nyinyi ndio mliokuwa mnaingia mlangoni.

Mwanangu Nasri sasa ana mwaka mmoja na miezi minne. Anakula wali, anakula muhogo, anakula na mchanga nikigeuza shingo. Alizaliwa masika yanaanza, mzima wa afya, na sauti ya kuwaamsha majirani. Shida ilianza siku ya pili. Nikimweka kwenye ziwa analikamata, linamponyoka, analikamata, linamponyoka, na kila likimponyoka kinywa chake kinatoa mlio, cha, cha, cha. Mama mkwe wangu, Bi Mize, alikuwa anakoroga uji jikoni. Akachungulia, akasema mtoto huyu kaja duniani jana na leo anamsonya mamake. Tulicheka sote, na mimi nikacheka.

Ilipofika siku ya saba sikuwa nacheka. Chuchu ya kushoto ilikuwa imepasuka, na ya kulia ilikuwa njiani. Nilikuwa naogopa mtoto wangu kuamka. Ninalisema hivyo hivyo kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba inaweza kutokea. Akianza kujinyonganyonga kutafuta ziwa, mimi mwili mzima unakaza na vidole vya miguu vinajikunja. Ananyonya saa nzima, analala kwa uchovu, baada ya muda mfupi anaamka na njaa ile ile.

Nilikuwa ndani ya arobaini, kwa hiyo sikutoka. Kwetu Kirongwe mzazi hatoki, na mtoto hatolewi, mpaka siku zitimie. Bi Mize alinilisha uji wa pilipili manga, supu ya pweza, mchicha wa nazi, akasema maziwa yangu mepesi na yatazidi uzito. Alinikanda kwa maji ya moto mpaka nikalia. Alifanya kila alichofanyiwa yeye, na alikifanya kwa mapenzi. Maziwa yalijaa mpaka kanga ikalowa kifuani, lakini Nasri alibaki mwembamba vile vile. Hapo ndipo ningeshtuka, kama ningekuwa nimelala usingizi wa kutosha kuweza kufikiri.

Arobaini ilipokwisha nikaanza kliniki. Mara ya kwanza mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa umelala. Nikaambiwa ninyonyeshe mara kwa mara. Kunyonyesha ndiyo kazi pekee niliyokuwa naifanya kutwa kucha. Mara ya pili mstari ulishuka. Nikaambiwa labda ni umbile lake, baba yake naye si mwembamba? Shaibu, mume wangu, ni mkwezi wa minazi, na kweli ni mwembamba, lakini sikuona vipi wembamba wa mtu anayepanda minazi arobaini kwa siku umwingie mtoto wa miezi miwili.

Mara ya tatu nilimkuta nesi Salome, mgeni pale zahanati, mtu wa bara. Hakuangalia kadi kwanza. Alinawa mikono, akaniambia nimnyonyeshe mbele yake, akasikiliza ule mlio. Halafu akaingiza kidole kinywani mwa Nasri na kuuinua ulimi. Uliinuka kidogo, ukagoma. Nasri akalia, na nilimwona kwa mara ya kwanza akilia nikiwa natazama mahali panapostahili: ncha ya ulimi ilivutwa ndani katikati, kama moyo uliochorwa kwenye kanga.

"Ulimi wake umefungwa kwa chini," Salome alisema. "Wewe huna kosa, na maziwa yako hayana kosa."

Nililia pale pale kwenye benchi, kwa furaha, kwa sababu nilidhani kujua jina la shida ndiyo kupona kwake. Alinieleza kwamba wapo watoto wanaokatwa kwa mkasi ule uzi unaoushika ulimi kwa chini na wapo wasiohitaji kukatwa, na kwamba mwenye kuamua ni daktari wa meno. Akaniandikia barua ya kwenda hospitalini.

Safari ya kwanza nilikaa kwenye korido tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Daktari wa meno alikuwa safarini kikazi, nirudi wiki ijayo. Safari ya pili nililowa mvua mimi na barua yangu, na aliyekuwepo alikuwa mtu mwingine. Alimwangalia Nasri kwa haraka, akasema uzi ni mdogo, utaachia wenyewe, ila akichelewa kusema nimrudishe. Nilirudi nyumbani juu ya bodaboda nikiongea peke yangu. Mtoto hawezi kunyonya, na mimi naambiwa nisubiri maneno.

Wakati huo maneno yalikuwa yameshaanza, ila si ya Nasri. Watu walikuwa wanasema mtoto amebemendwa. Kwa asiyejua, maana yake ni kwamba baba na mama wamekutana kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na mwili wa mtoto ndio unaolipa. Mtoto akikonda mtaani kwetu, kabla hajaangaliwa kinywa huangaliwa wazazi. Nilikwenda kisimani, mazungumzo yakakatika. Jirani mmoja akanitazama kiunoni. Bi Mize hakunisema mbele yangu, lakini alimwita mwanawe nyuma ya nyumba, na alipotoka huko Shaibu hakula.

Nilimweleza mambo ya ulimi. Nilimwonyesha barua, ingawa wino ulikuwa umeshachuruzika. Alinisikiliza akiwa anafunga kamba zake za kukwelea, kisha akaniuliza bila kuinua macho:

"Una hakika huna la kuniambia?"

Sikumjibu. Mpaka leo naona bora sikumjibu, kwa sababu sikuwa na la kuficha, na hasira niliyokuwa nayo ingeivunja nyumba. Lakini asubuhi yake, alipokwenda shamba, nilimfunga Nasri mgongoni na kwenda kwa Mzee Kombo.

Mzee Kombo anakata vimeo. Mtoto akikohoa, akitapika, akikataa ziwa, wapo watu wengi tu ambao humpeleka kwake, akate kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Zahanati wametukataza miaka yote, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye yale mabenchi nikisikia kwa masikio yangu. Nilijua. Ila nilijifanyia hesabu yangu: simpeleki kwa ajili ya kimeo. Nampeleka kwa ajili ya ulimi. Huyu mzee anaingiza chuma vinywani mwa watoto tangu sijazaliwa, uzi wa chini ya ulimi utamshinda nini? Hospitali wananizungusha, yeye yupo kila siku. Atakata, nitarudi, Nasri atanyonya, na wote walioniangalia kiunoni watanyamaza. Hiyo ndiyo akili niliyokwenda nayo.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kwenye mkeka safi. Ni mtu mpole. Ningefurahi kuwaambia kwamba alikuwa mchafu na mkali, ingenirahisishia. Alimlaza Nasri, akakandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akatazama ndani.

"Ulimi hauna neno," alisema. "Kimeo ndicho kirefu. Kinamgusa koo, ndiyo maana anashindwa."

Nikamwambia nesi kasema ni ulimi. Akatabasamu bila ubaya, akasema nesi kasoma, naye ana mikono, na mikono hiyo ndiyo iliyokata vimeo vya nyumba nzima ninayoishi, cha mume wangu kikiwemo. Kisha akanisubiri. Hapo nilikuwa na nafasi ya kuchukua mwanangu nikaondoka. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa nimechoka kubishana na watu wanaojua kuliko mimi, na huyu alikuwa wa kwanza aliyesema atafanya kitu leo.

Nikasema haya.

Haikuchukua muda. Aliweka kile kinyama kwenye jani la mgomba, akanionyesha. Nilimshukuru.

Nasri alitoka damu mpaka alasiri, kidogo kidogo, ikichanganyika na mate. Jioni alikataa ziwa kabisa. Kesho yake mwili ulichemka na kilio kikawa kidogo, kama mtoto aliye chumba cha pili. Nilimwendea Bi Mize jikoni nikamwambia nilichofanya. Nilitegemea anipige. Aliepua sufuria, akajitanda, akasema twende. Tulipanda bodaboda moja, mtoto katikati yetu, na njia nzima alinishikilia kiuno.

Hospitalini walitulaza. Kila zamu ilipobadilika nesi mpya aliuliza kwa sauti nani kamkata huyu, na wodi nzima iligeuka kunitazama, na mimi nikajibu upya. Nilijibu mara nyingi mpaka jibu likakosa uchungu. Bi Mize alilala sakafuni chini ya kitanda chetu. Nasri alichomwa sindano, akawekewa maji, na mimi nikafundishwa kukamua maziwa kwa mkono na kumnywesha kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, nikisubiri ameze. Siku alipomeza kikombe kizima nilitaka kumwonyesha mtu, na pembeni yangu hapakuwa na mtu ila yule aliyeniambia maziwa yangu mepesi. Akakichungulia kikombe, akasema, "Kamaliza." Tukakaa tunakitazama pamoja.

Daktari wa meno, yule niliyemtafuta safari mbili, alikuja wodini siku ya tatu. Alikuwa msichana, mdogo kwangu kwa umri, na mpaka leo sijui kwa nini hilo lilinikasirisha. Aliangalia koo, kisha akaangalia ulimi. Akasema uzi upo, tena mnene, na yeye angeukata, lakini kidonda kipone kwanza. Halafu akaongeza kwamba wapo watoto wanaokua na uzi huo bila kukatwa, na huyu ametoka kuumia, kwa hiyo uamuzi ni wetu sisi wazazi.

Sikutaka uamuzi. Uamuzi nilikuwa nimeshaufanya mmoja, na matokeo yake yalikuwa pale kitandani na mpira wa maji mkononi. Nilitaka mtu mwenye koti jeupe aniambie fanya hivi. Nilimchukia yule daktari kwa heshima aliyotupa.

Tulirudi nyumbani na kikombe. Kama na wewe umefika kwenye kikombe, pole, ninaijua kazi hiyo. Unakamua, unanywesha, unaosha, unachemsha maji, na ukimaliza ni saa ya kukamua tena. Bi Mize alichukua zamu ya asubuhi. Alimweka Nasri mapajani wima, shingo kaishika kwa kiganja, akawa hodari kunishinda. Maneno ya kubemenda yalipofika mlangoni, siku hizo ndiye aliyeyafukuza. Hakuniomba radhi, wala sikumdai.

Shaibu alisema jambo moja na hakulibadilisha: kinywani mwa mwanawe hakiingii chuma tena. Kila wiki nilikwenda kwa Salome kupima, na mstari ulianza kuinuka, kidogo sana, lakini kuinuka. Shaibu akaichukua kadi, akaniwekea kidole pale. "Si unaona? Anaongezeka na kikombe." Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililokuwa linanichosha zaidi ya yote, kwamba kila mtu kwenye jambo hili alikuwa na ukweli wake kidogo.

Ila mimi ndiye niliyekuwa nakamua. Wiki ya kwanza nilijaza kikombe kwa mara moja. Wiki ya pili ikawa nusu. Mkono si mtoto, na ziwa linajua. Wiki ya tatu nilikaa nikiminya mpaka vidole vikafa ganzi, nikapata cha kufunika kitako cha kikombe. Maziwa ya kopo tusingeyaweza mpaka mtoto akue. Salome alinifundisha namna nyingine ya kumshika, kidevu kikiwa kimezama kwenye ziwa, mdomo wazi kabisa, na Nasri alijaribu, masikini, alijitahidi, na likamponyoka.

Siku hiyo nilimsubiri Shaibu ashuke mnazini. Nilikaa chini ya shina na kikombe changu mpaka alipokanyaga ardhi.

"Ukinikataza, sitampeleka," nilimwambia. "Ila uniambie wewe mwenyewe, haya yakikauka tunampa nini."

Alitazama ndani ya kikombe. Alikuwa hajawahi kukitazama. Akajifuta jasho kwa mkono, akasema yeye hatakuja, hataki kuona. Kisha akapanda mnazi mwingine.

Nilikwenda kwa Bi Mize nikiwa sijui nimeruhusiwa au nimefukuzwa. Akaniambia, "Huko ndiko kukubali, mwanangu. Wanaume wa nyumba hii ndivyo wanavyokubali." Na akaanza kutafuta mtandio wake.

Karatasi ya ridhaa nilitia sahihi mimi. Nilimuuliza daktari atakata nini. Akaniambia. Nikamuuliza tena. Mara ya tatu nikamwomba anionyeshe kwa kidole, akauinua ulimi wa Nasri, akanionyesha ule utando mweupe, hapa, na si kwingine. Nikamwambia asiguse kimeo.

"Hakipo cha kugusa, mama," alisema taratibu.

Bi Mize alishika kichwa, mimi nilishika mikono. Nilisikia mkasi ukigongana mara moja. Damu ilikuwa matone machache kwenye pamba. Daktari akaniambia nimnyonyeshe pale pale, na mimi nikafungua kifua nikiwa na matumaini ya mtu aliyesikia habari nyingi za miujiza. Nasri alikamata, likamponyoka. Cha, cha. Niligeukia dirishani ili Bi Mize asinione, naye akageukia ukutani ili mimi nisimwone.

Kwa hiyo wewe unayesubiri siku hiyo, usiende na matumaini yote kwenye mfuko mmoja wa dakika tano. Mtoto alikuwa hajui kuutumia ulimi aliopewa. Mara kadhaa kwa siku nilinawa mikono na kuuinua kwa kidole kama nilivyofundishwa, usije ukajishika tena, na kila akiona kidole changu kinakuja aliniangalia kwa chuki. Nilikuwa namwambia najua, baba, najua. Siku ya nne alishika kwa muda kidogo. Siku ya sita hakutaka hata kujaribu. Siku ya tisa, mchana, Bi Mize akiwa anapepeta mchele uani, Nasri alikamata na hakuachia. Nilisubiri ule mlio. Nilisikia anameza. Anavuta, anavuta, anameza. Nilikuwa nimekaza vidole vya miguu kwa mazoea, na ilinichukua muda kugundua kwamba siumwi.

Kama ni mkasi, kama ni mkao wa Salome, kama ni kwamba alikuwa amekua, sitakudanganya, sijui kwa hakika. Ninachojua ni kwamba maziwa yalirudi, na korosho zilipoanza kuanguka Nasri alikuwa na mikunjo miwili kwenye kila paja.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike. Shaibu aliniomba mambo ya hospitali yabaki ndani. Alisema watu wakijua tumemkata mara mbili hatutapumua. Nilikubali, kwa kuwa nilikuwa sina nguvu ya kukataa chochote. Tukanyamaza sote watatu, na mtaa ukajitungia hadithi yake: mtoto wa Shaibu alikonda, akapelekwa kwa Mzee Kombo, akanenepa. Ni wazi. Nani angefikiri vingine? Mapaja ya mwanangu yalikuwa yanampelekea wateja yule mzee, na mimi nilikuwa nayapaka mafuta kila siku.

Nililijua hilo mwezi uliopita, kwenye maandalizi ya harusi ya jirani. Tulikuwa wanawake wengi uani, tumekalia mbuzi tunakuna nazi, Nasri anazunguka akiokota machicha. Akaja kunikalia karibu msichana aliyeolewa mtaani kwetu akitokea Baleni, na kichanga chake cha miezi miwili. Alitoa ziwa kukinyonyesha. Nikausikia ule mlio. Mikono yangu ilisimama yenyewe.

Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto hashiki vizuri, na kwamba kwa mumewe wameanza kumtazama vibaya. Amesikia wangu alipona kwa Mzee Kombo. Akaomba nimwelekeze nyumba.

Sikumjibu kwa sauti ya chini. Niliwaambia wote waliokuwepo. "Nilimpeleka mimi, kwa miguu yangu. Alimkata kisichokuwa na kosa, nusura mwanangu anifie. Aliyemsaidia ni daktari wa hospitali, alimkata uzi wa ulimi, na huyu mama hapa ndiye aliyemshika kichwa." Bi Mize aliacha kukuna. Nilidhani atanikana. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kwamba ndivyo, na mbuzi zote uani zikanyamaza.

Yule msichana alimtazama Nasri, mashavu yote yamejaa nazi. Alimtazama muda mrefu.

"Lakini si alianzia kwa Mzee Kombo?" akasema. "Nielekeze tu, dada."

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kumwachia achague, kama nilivyoachiwa mimi. Nilifuta mikono kwenye kanga, nikambeba Nasri, nikamwambia inuka, nakupeleka mwenyewe. Bi Mize aliinuka kabla yake, akamwomba ampokee mtoto, akatangulia.

Tulipofika njia panda, kushoto ni kwa Mzee Kombo, kulia ni zahanati. Bi Mize akakata kulia. Yule msichana alisimama, akanitazama kwa hasira ninayoifahamu vizuri, akamtazama mama mkwe wangu anavyokwenda na mwanawe kifuani bila kugeuka nyuma. Kisha akajifunga kanga upya, akatufuata.